Albert Ruskin Cook

Sir Albert Ruskin Cook (Hampstead, London, Uingereza, 22 Machi 1870 – Kampala, Uganda, 23 Aprili 1951) alikuwa daktari na mmisionari wa Kanisa Anglikana aliyeishi Uganda kwa zaidi ya miaka 50. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo, iliyoanza mwaka 1897 na ambayo huhesabiwa kati ya hospitali kongwe zaidi za Afrika Mashariki. Pamoja na mke wake, muuguzi Katharine Cook, alianzisha shule ya kufundisha wakunga wa Kiafrika.

Jina lake limo pia katika historia ya kampeni dhidi ya kaswende iliyoendeshwa Buganda kuanzia mwaka 1908. Katika kampeni hiyo watu wengi, wakiwemo wanawake wajawazito, walikaguliwa miili na kuchomwa sindano za zebaki na baadaye za aseniki kwa amri, si kwa hiari. Baadaye ilionekana kwamba sehemu kubwa ya waliotibiwa huenda hawakuwa na ugonjwa wa zinaa hata kidogo. Kwa sababu hiyo Cook hutajwa na wanahistoria wa tiba kwa namna mbili ambazo ni vigumu kuzitenganisha: kama mtu aliyeokoa maisha ya akina mama wengi, na kama mmoja wa waliofanya mimba na uzazi wa mwanamke wa Kiganda kuwa jambo la serikali.

Ujana na elimu

Cook alikuwa mtoto wa daktari wa London. Alisoma St Paul's School, kisha Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1893. Masomo ya udaktari aliyamalizia katika hospitali ya St Bartholomew's jijini London mwaka 1895, na shahada ya uzamivu ya tiba aliipata mwaka 1901, wakati akiwa tayari kazini Uganda. Akiwa mwanafunzi alijiunga na vuguvugu la vijana Wakristo waliojitolea kwenda misheni, na alikubaliwa na shirika la Church Missionary Society (CMS).

Safari ya kwenda Uganda

Mwaka 1896 Cook aliondoka Uingereza pamoja na wamisionari wengine wa CMS. Reli ya Uganda ilikuwa imeanza kujengwa Mombasa mwaka huohuo, hivyo haikuwasaidia. Kutoka pwani walikwenda kwa miguu pamoja na msafara wa wapagazi, safari ya miezi kadhaa. Katika kundi hilo alikuwemo muuguzi Katharine Timpson, aliyezaliwa mwaka 1863. Cook na Katharine walifunga ndoa mwaka 1900.

Walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, mwezi Februari 1897. Siku chache tu baadaye Cook alianza kupokea wagonjwa. Mwaka uleule askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia serikali ya Kiingereza waliasi, na Cook alifuata jeshi hadi Busoga kuwatibu majeruhi. Katika mapigano hayo alikufa George Pilkington, mfasiri wa Biblia kwa Kiganda.

Hospitali ya Mengo

Hospitali ya kwanza ilikuwa ya miti na matete, chini ya kilima cha Namirembe. Jengo kubwa zaidi lililofuata lilipigwa na radi na kuteketea mwaka 1902. Hospitali ya matofali ilikuwa tayari mwaka 1904. Mwaka 1899 kaka yake Albert, John Howard Cook, daktari wa upasuaji na macho, alikuja kufanya kazi naye.

Tabia moja ya Cook ilikuwa na matokeo ambayo mwenyewe hakuyatazamia. Aliandika habari za kila mgonjwa aliyelazwa: jina, kabila, dalili, maoni yake kuhusu ugonjwa, dawa na mwisho wake. Kumbukumbu hizo zimehifadhiwa, na ni chache mno za aina yake katika Afrika ya wakati ule. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere katika miaka ya 1950 na 1960 walizitumia kujua saratani zilizokuwepo Uganda tangu mwanzo wa karne ya 20. Hata hivyo, ni maandishi ya daktari. Yanasema mgonjwa alikuwa na nini na alifanyiwa nini. Kama aliulizwa, na alijibu nini, si jambo lililokuwa na nafasi yake katika fomu za hospitali za siku hizo, huko Mengo wala London.

Mwaka 1901 ndugu hao wawili waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda. Ugonjwa huo uliwaua watu zaidi ya 200,000 katika pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria katika miaka michache. Bila kukumbuka pigo hilo haieleweki kwa nini wakubwa wa Buganda na maofisa wa Kiingereza walishikwa na hofu kwamba Waganda wangekwisha, wala kwa nini hofu hiyo iligeukia haraka tumbo la mwanamke.

Uzazi kabla ya hospitali

Nchini Buganda mwanamke alizaa nyumbani kwa msaada wa mulerwa, yaani mkunga wa jadi, na wanawake wa ukoo. Ssenga, shangazi wa upande wa baba, alikuwa mshauri wake katika mambo ya ndoa na mimba. Mjamzito alitumia emmumbwa, vipande vya udongo vilivyochanganywa na mitishamba, ambavyo hadi leo huuzwa katika masoko ya Kampala.

Maarifa ya upasuaji hayakukosekana pia katika nchi za jirani. Mwaka 1879 mmisionari daktari Robert Felkin alipita Bunyoro, na mahali palipoitwa Kahura alishuhudia mganga akimpasua mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Mwanamke alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ilitumiwa kuosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mgonjwa. Jeraha lilifungwa kwa pini za chuma na kamba za magome. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884, na alieleza kwamba alipoondoka mama na mtoto walikuwa hai. Wakati huo, katika hospitali za Ulaya, wanawake wengi waliofanyiwa upasuaji huo walikufa.

Cook hakuyajali sana maarifa hayo. Waliofikishwa Mengo walikuwa mara nyingi ni wale ambao uzazi wao ulikuwa umeharibika: wanawake waliobebwa kwa machela baada ya uchungu wa siku kadhaa, mtoto amekwisha kufa, mfuko wa uzazi umepasuka au uko karibu kupasuka. Daktari anayewaona hao tu ni rahisi kuamini kwamba kila mulerwa ni mharibifu. Waliozaa salama kijijini hawakuwa na sababu ya kufika kwake.

Ripoti ya Lambkin na hofu ya kaswende

Katika miaka ya 1907 na 1908 serikali ya Uingereza ilimtuma Uganda Kanali Francis Lambkin wa kikosi cha madaktari wa jeshi. Lambkin alikuwa mtaalamu wa kutibu askari wenye kaswende kwa sindano za zebaki. Aliandika kwamba katika Buganda watu wapatao asilimia 80 walikuwa na ugonjwa huo, na kwamba kwa sababu yake zaidi ya nusu ya watoto walikufa. Ripoti yake ilichapishwa London mwaka 1908 na ikazua kelele.

Takwimu hizo hazikutokana na kupima damu. Kipimo cha Wassermann kilikuwa kimegunduliwa Ujerumani mwaka 1906 tu na hakikuwa kimefika vijijini Uganda. Lambkin alitegemea vidonda alivyoviona, habari alizopewa na machifu, na kwa sehemu kubwa uzoefu wa madaktari wa Mengo, Cook akiwa wa kwanza. Mwanamke akisema mimba zake zimeharibika mara mbili au tatu, jambo hilo lilichukuliwa kuwa dalili ya kaswende, ingawa malaria pia huharibu mimba na Buganda ina malaria mwaka mzima.

Lambkin na Cook hawakukubaliana kuhusu chanzo. Kanali alidai kwamba ugonjwa ulienea kwa sababu Ukristo ulikuwa umewatoa wanawake katika ulinzi wa zamani na machifu walikuwa wamenyang'anywa adhabu zao kali. Cook, akiwa mmisionari, hakuweza kukubali kwamba Injili ndiyo iliyoleta maradhi. Lakini juu ya ukubwa wa ugonjwa walikuwa na neno moja, na juu ya dawa pia. Yafaa kuona kwamba wote wawili, wakitofautiana kwa kila kingine, walitafuta kosa katika mwenendo wa wanawake.

Ukaguzi wa lazima

Vituo vya matibabu vilifunguliwa, na mwaka 1913 kituo kikuu kiliwekwa kwenye kilima cha Mulago chini ya daktari wa jeshi George Keane. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Hospitali ya Mulago, hospitali kuu ya taifa. Vitabu kadhaa humtaja Cook kuwa mwanzilishi wake. Aliiunga mkono kazi hiyo kwa nguvu zote, lakini Mulago ilikuwa mali ya serikali na Mengo ya misheni.

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza ulikuwepo utaratibu wa kisheria wa kuwalazimisha watu kukaguliwa na kutibiwa. Utekelezaji uliachwa kwa machifu wa Buganda, ambao mkuu wao alikuwa Katikkiro Apolo Kagwa, rafiki wa CMS. Chifu aliamuru watu wake wajipange, daktari au msaidizi wake akawatazama mmoja mmoja. Wanawake walitakiwa kuvua mbele ya watu wasiowajua. Aliyeonekana mgonjwa alipaswa kurudi kwa sindano hadi aambiwe imetosha. Ni vigumu kuizungumzia ridhaa katika hali kama hiyo: anayeamuru ukaguzi ndiye mwenye mamlaka juu ya kiwanja chako, kodi yako na kesi yako.

Sindano zenyewe hazikuwa jambo dogo. Zebaki huleta vidonda vya fizi na kuharibu figo. Dawa za aseniki, zilizoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1910, zilikuwa bora zaidi kwa kaswende ya kweli, lakini ziliweza kudhuru ini na mara nyingine kuua. Ilihitajika mfululizo wa sindano kwa wiki nyingi, na wengi walikatisha vidonda vilipofunga.

Uingereza ilikuwa na historia yake katika jambo hili. Sheria za mwaka 1864, 1866 na 1869 ziliwaruhusu polisi wa miji yenye kambi za jeshi kumkamata mwanamke yeyote waliyemshuku kuwa malaya na kumpeleka akaguliwe sehemu za siri kwa nguvu. Josephine Butler aliongoza mapambano ya miaka mingi dhidi yake, na zilifutwa mwaka 1886. Wengi wa waliompinga mkaguzi wa serikali katika miaka hiyo walikuwa Wakristo wa aina ileile iliyowatuma akina Cook Afrika. Kilichokataliwa kwa mwanamke wa Portsmouth au Plymouth kilionekana kufaa kwa mwanamke wa Buganda chini ya miaka 30 baadaye.

Katharine Cook na shule ya wakunga

Katharine Cook alikuwa matroni wa Mengo tangu 1897 hadi 1911. Baada ya vita, fedha za serikali zilizotengwa kwa ajili ya kupambana na magonjwa ya zinaa zilisaidia kuanzisha shule ya ukunga huko Namirembe. Ilifunguliwa mwaka 1921 ikapewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana Robert Coryndon. Katharine ndiye aliyeibuni, akaiongoza na kuizungukia: alikuwa msimamizi mkuu wa wakunga na mkaguzi wa vituo vya uzazi vya mashambani.

Wanafunzi walikuwa wasichana Wakristo wanaojua kusoma, wengi wao kutoka familia zenye heshima. Albert na Katharine waliwaandikia kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa. Mwaka 1903 Albert alikuwa ametoa pia kitabu cha maneno na maswali ya kidaktari kwa Kiganda. Kwamba daktari alijifunza kumwuliza mgonjwa kwa lugha yake, na kwamba mkunga alisoma kazi yake kwa lugha ya mama anayemzalisha, ni jambo ambalo shule nyingi za Afrika Mashariki hazijafikia hata leo.

Mkunga aliyehitimu alitumwa kwenye kituo cha mashambani, mara nyingi peke yake, akiwa na sanduku la vifaa na dawa za kuua vijidudu. Alikuwa kijana, pengine hajaolewa wala kuzaa, na aliwakuta wanawake waliozoea kuhudumiwa na mama mzima wa ukoo. Mwanzoni wengi walikataa. Walioanza kuja walivutwa na matokeo: kitovu kilichokatwa kwa mkasi safi hakileti pepopunda, na mkunga aliyefundishwa kutambua hatari alimtuma mama hospitali kabla ya siku ya tatu. Hapa akina Cook walishinda kwa kushawishi, na ushindi huo ulidumu kuliko wa amri.

Upande wa Kanisa Katoliki, Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland, alianzisha kazi kama hiyo huko Nsambya. Kikwazo chake kilikuwa kingine: sheria za Kanisa hazikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga hadi mwaka 1936.

Kliniki ya wajawazito

Shule ya Namirembe ilikuwa pia mkono wa kampeni ya kaswende. Kliniki za wajawazito zilitumika kuwatafuta wenye ugonjwa, na waliohisiwa kuwa nao walichomwa sindano ili mtoto azaliwe salama. Hoja ya kidaktari haikuwa ya kubuni. Kaswende ya kweli kwa mjamzito ikiachwa bila tiba huweza kumwua mtoto tumboni au kumfanya azaliwe mgonjwa, na mpaka sasa kila mjamzito Afrika Mashariki hushauriwa kupimwa.

Tofauti iko katika mambo mawili. La kwanza, uamuzi wa kuchoma sindano mara nyingi ulitegemea historia ya mimba zilizopotea na macho ya mkaguzi, hivyo wanawake waliopoteza mimba kwa malaria au sababu nyingine walitibiwa kwa sumu wasiyoihitaji. La pili, mwanamke aliyekuja kutafuta msaada wa kuzaa hakuweza kuuchukua msaada huo na kuiacha sindano. Vilikuja pamoja. Aliyekubali kitanda alihesabiwa kuwa amekubali yote.

Jambo hilo halikuwa la Mengo peke yake. Katika hospitali nyingi za uzazi za Ulaya na Marekani za miaka ya 1920 mwanamke alinyolewa, akapigwa enema, akalazwa chali, na katika baadhi alilazwa usingizi na kuchanwa njia ya uzazi kama desturi, bila kuulizwa na bila sababu iliyomhusu yeye. Na bado mwaka 1914 mahakama ya rufani ya New York, kwa hukumu iliyoandikwa na jaji Benjamin Cardozo, ilikuwa imekwisha kutamka kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye kuamua mwili wake ufanyiwe nini, na kwamba daktari anayempasua bila ridhaa anamshambulia. Kutoka kwenye hukumu hadi chumba cha leba palikuwa na safari ndefu. Katika Uingereza yenyewe ni mwaka 2015 tu ambapo Mahakama Kuu Kabisa, katika shauri la Montgomery dhidi ya bodi ya afya ya Lanarkshire, iliamua kwamba mjamzito lazima aelezwe hatari za kuzaa kwa njia ya kawaida na njia mbadala alizo nazo, hata kama daktari anaona afadhali asiambiwe.

Upinzani wa Waganda

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Chama cha Vijana wa Baganda, kilichoundwa na wasomi waliotoka katika shule za misheni zilezile, kilileta malalamiko kwa serikali. Walilalamikia hasa ukaguzi wa lazima wa wanawake. Nchini Uingereza chama kilichorithi kazi ya Josephine Butler kilifuatilia pia mambo ya makoloni. Serikali ililegeza amri, na matibabu yakaendelea kama huduma ya hiari.

Jambo lililofuata huenda liliwashangaza walioamini katika shuruti. Watu hawakuzikimbia sindano. Katika nchi jirani ya Tanganyika, katika miaka hiyohiyo, maelfu walimiminika wenyewe kwenye vituo vya kutibu buba, kwa sababu vidonda vilikauka mbele ya macho yao baada ya sindano chache. Wagonjwa walizijua faida za dawa mpya vizuri kama mtu mwingine yeyote. Walichokataa ni kupangwa mstari na kuvuliwa nguo.

Haukuwa ugonjwa uliodhaniwa

Buba na kaswende husababishwa na vijidudu vinavyofanana kiasi cha kutotofautishwa kwa hadubini. Kijidudu cha kaswende kiligunduliwa Ujerumani mwaka 1905. Cha buba kilionwa mwaka huohuo na Aldo Castellani, daktari Mwitalia aliyekuwa amefanya utafiti wa malale huko Entebbe miaka michache kabla. Kipimo cha Wassermann huonyesha jibu lilelile kwa magonjwa yote mawili. Lakini buba haiambukizwi kwa zinaa. Watoto huipata kwa kugusana ngozi. Ipo pia aina ya kaswende isiyo ya zinaa, inayoenea kati ya watoto katika nyumba zenye watu wengi.

Mwaka 1956 J. N. P. Davies, profesa wa Makerere, alichapisha katika jarida la Shirika la Afya Duniani makala juu ya historia ya kaswende nchini Uganda. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa uliowatisha Lambkin na Cook, na ambao Waganda waliuita kabotongo, inaelekea ilikuwa kaswende hiyo isiyo ya zinaa, uliozoeleka nchini kwa muda mrefu. Wanahistoria waliofuata, kama Megan Vaughan na Carol Summers, walichunguza upande wa siasa: namna takwimu zisizo na msingi imara zilivyozaa sheria, fedha, hospitali na shule, na namna aibu ya ugonjwa wa zinaa ilivyowekwa juu ya watu ambao wengi wao waliupata utotoni kwa kucheza na ndugu zao.

Cook hakuwahi kuiona makala ya Davies. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Uganda Memories, kilichotoka mwaka 1945, kampeni hiyo ni moja ya kazi njema za maisha yake.

Miaka ya mwisho

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza Mengo ilipokea majeruhi wa kampeni ya Afrika Mashariki, na mwaka 1917 Cook alianza kufundisha wasaidizi wa matibabu wa Kiafrika. Serikali haikuiunga mkono sana shule hiyo, lakini alisisitiza kwamba Waafrika waweza kuwa madaktari kamili, wakati ambapo maofisa wengi waliona watosheke na kuwa wasaidizi. Mafunzo ya udaktari yalianzishwa Makerere katika miaka ya 1920.

Cook alistaafu kazi ya hospitali mwaka 1934, akiwa amekwisha kupewa na mfalme wa Uingereza cheo kilichomfanya aitwe Sir. Hakurudi Uingereza. Katharine alifariki mwaka 1938, naye Albert akaishi Kampala miaka 13 zaidi. Alifariki tarehe 23 Aprili 1951. Penisilini ilikuwa imeingia nchini, na matibabu ya zebaki na aseniki yalikuwa yakiachwa.

Kumbukumbu

Maktaba ya tiba ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoko Mulago, inaitwa Albert Cook. Ndani yake mna karatasi zake na kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo. Hospitali ya Mengo inaendelea kufanya kazi chini ya Kanisa la Uganda na bado hufundisha wauguzi na wakunga.

Mwezi Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba serikali ilivunja katiba kwa kutowapa wajawazito huduma za msingi za uzazi, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2011 baada ya vifo vya akina mama katika hospitali za umma.